UZI: Miaka kumi na moja mu gradi moja, sasa banataka nikuwe delege (musemaji) wa PATO. Nikubali ao niache?

MamaKlavye (Lubumbashi), Jumapili saa 20:47

Yambo bote. Uzi itakuwa murefu munisamehe, nilianza kuiandika mu simu tangu ijumaa usiku, umeme ikaenda, simu nayo ikazimika, leo njo namaliza.

Mimi ni sekretere wa fakilte mu universite moja ya serikali hapa Lubumbashi. Jina yake sitaji, na mutu asijaribu kukisia huku chini, nataka paka kesho niamke niende ku kazi. Kwa bale habajui, PATO njo sisi bote benye hatufundishi: bantu ba biro, bateknisie, bawuvrie, kuanzia papa mwenye kufungua oditoriumu asubui mpaka direkteri mwenye eko na gari. Baprofesa beko na chama yao, ikikohoa Kinshasa inasikia. Baasistani beko na yao. Banafunzi beko na komite yao. Sisi tuko na delege.

Niliingia 2009 na D6 yangu (diplomi ya sekondari), ajan wa biro, kazi ni kupiga makaratasi na kuyabeba toka biro moja kwenda ingine. 2014 nikapanda gradi ya ATB2. Mwaka ile ile nikaanza kusoma mangaribi, nikitoka kazi naenda darasani, nikirudi ku nyumba nakuta batoto bamelala na bukari imekauka mu sahani. Gradua miaka tatu, lisansi miaka mbili, 2019 nikamaliza sianse ya administrasyo. Nikaandika barua ya kuomba ile diplomi mupya ihesabiwe mu gradi yangu, nikaipeleka, bakanigongea kashe (muhuri) ya kupokea ku kopi yangu. Mpaka leo.

Kila mwaka kotasyo, ile ya kupima kazi ya kila mutu, inapita, mukubwa wangu anaandika "tre bo" (muzuri sana), nasaini, inaenda. "Elite", ile ya juu kabisa, sijawai kuiona kwa macho yangu, nasikia paka iko. Listi ya kupanda gradi ikibandikwa ku valve (ubao ya matangazo) naenda kusoma kama mwanafunzi anatafuta pwenti zake, na nakuta majina ya bantu mimi njo nilibaonyesha fasi ya kuwashia kompyuta. Nikiuliza, banasema mama dosie yako iko mu sirkwi, inazunguka toka biro moja kwenda ingine. Miaka sita iko mu sirkwi! Mutu angeibeba na mugulu mpaka Kinshasa angekuwa amefika, amezaa kule, amerudi.

Sasa delege wetu anaenda ku pansyo (kustaafu). Juma iliyopita bamama ba biro na baapariteri (bale ba kufungua oditoriumu) balikuya bakafunga mulango ya biro yangu, banasema wewe njo utatusimamia, unajua kuandika na unajua bakubwa banaogopa nini. Bwana yangu anasema acha hiyo, delege ni muntu banamupatia kiti ili anyamaze.

Na eko na haki kidogo, juu mimi njo napigaka PV (ripoti) ya mikutano. Mukutano inaanza saa tatu, inaanza na masomo, inaenda ku pwenti za banafunzi, inaenda ku baprofesa bavizita na hoteli yao, majengo, jenereta. Mambo ya PATO inaandikwaka mu "dive", ile ya mwisho kabisa pamoja na mambo ya maua na matanga. Ikifika dive ni saa kumi na moja, kila mutu anashika funguo ya gari, delege anasimama, anasema maneno mbili, mwenye kuongoza anasema "tumesikia, tutarudia mukutano ujao". Nimepiga ile sentensi mara mingi mpaka vidole vinaiandika vyenyewe. Mara moja nilikopi paka ile paragrafu ya mwaka wa nyuma nikaibandika, hakuna mutu aliona.

Donki, nikubali ao niache? Na delege ya kweli anafanyaka nini, mbali na kukusanya franka ya matanga?

Kijana_wa_Katuba, Jumapili saa 20:59

Kubali mama. Ata kama ni kiti tu, sisi tumechoka kusimama 😂 niko mu taksi-bisi nitarudi kusoma yote

ApariteriMukongwe, Jumapili saa 21:30

Mama Klavye, mimi niko apariteri tangu 2003, universite yangu nayo sitaji. Nikuambie nguvu yetu iko wapi. Haiko ku kiti. Iko ku funguo na ku fishi za pwenti. Profesa akigoma somo inangojea, mwanafunzi anaenda kulala. Lakini sisi tukiweka mikono mu mufuko siku ya deliberasyo, ile ya kupitisha pwenti za mutihani, hakuna jiri. Nani atatoa fishi? Nani anajua mwanafunzi gani halipi, gani aliunganisha jina ya bibi yake? Profesa mwenyewe anakuya kuniuliza kama somo yake iko saa ngapi.

Sasa kumbuka grevi (migomo) za baprofesa. Bao beko ku nyumba, sisi tunakuya kila siku kufungua biro na kufagia vumbi, juu hatujaambiwa tugome na hatujaambiwa tusigome. Grevi inaisha, bamepata kitu. Sisi tunapata "shukrani kwa uvumilivu", tena imeandikwa na mmoja wetu. Nasema: delege asiombe kiti mu mukutano, aombe siku tatu za mikono mu mufuko, uone kama dive haitapanda kuwa pwenti ya kwanza.

Toka_Kampasi, Jumapili saa 22:05

Pole kwa mama lakini niseme yenye iko mu roho. Mimi nilisoma, niko nje sasa. Nililipa franka ya rileve (karatasi ya pwenti zangu) ku banki, nikaleta bordero (risiti ya banki), kisha nikangojea juma tatu nzima mpaka nilielewa iko mutu anangojea matabishi (kitu kidogo). Nikatoa, rileve ikatoka nusu saa. Haikuwa profesa, ilikuwa PATO. Sasa munataka tubalilie? Mbele ya kutafuta delege mutafute kwanza sabuni.

Kijana_wa_Katuba, Jumapili saa 22:07

weee 😬

ApariteriMukongwe, Jumapili saa 22:15

Wewe kijana ulikuwa unakula nini ile siku, nenda uulize mwenye kungojea miezi bila matrikile (nambari ya mufanyakazi wa serikali) kama anakula sabuni

MamaKlavye, Jumapili saa 22:52

Papa Apariteri acha kwanza, asitukanwe, alilipa kweli. Na mimi nilishaona ile kitu kwa macho yangu, mu korido yangu. Nitamujibu bila kuzunguka.

Mudogo yangu, mu biro yetu tuko saba. Bane tuko na matrikile, mushahara inatoka Kinshasa inafika ku banki. Batatu habajamekanizwa. Maana yake: beko na barua ya universite, beko na kazi, beko na meza, lakini mu listi ya malipo ya serikali habamo. Banaishi na primi lokale, ile yenye inatoka mu franka zenye nyinyi banafunzi munalipa. Banafunzi bakichelewa kulipa, bao banachelewa kula. Mmoja iko mwaka wake wa kumi na mbili. Kumi na mbili! Akiona mwanafunzi anaingia na bordero, nitakuambia haoni bordero, anaona unga.

Sisemi ni haki. Ile matabishi ilikuwa wizi, na kama delege atasimama kuitetea mimi sitamupigia kura, ata kama delege njo mimi. Lakini ukitaka kuelewa juu ya nini hatuna sauti, anzia hapo: delege anasimama kusema "mishahara", benye matrikile banaitika, bale batatu banaangalia chini juu mushahara habajawai kuiona. Anasema "primi lokale", bao banaamka, sisi tunasema aa ile ni kidogo. Mukubwa anatuangalia anacheka, anajua hatuko kundi moja.

MzeeWaSanduku, Jumatatu saa 06:12

Salamu kwenu wanangu. Nimeamka mapema kama kawaida ya wazee, nimesoma yote. Mtanisamehe Kiswahili changu, nilikisoma kwa mapadri kule Kalemie na hakijawahi kutoka.

Mimi nilifanya kazi ya biro ya universite miaka arobaini kasoro kidogo. Nilianza wakati wa UNAZA. Vijana hamkuijua. Mwaka 1971 serikali ilichukua universite tatu, ya Kinshasa, ya Kisangani na ya hapa Lubumbashi, ikazifanya kitu kimoja, rekteri mmoja kule Kinshasa, na fakilte zikagawanywa kama watoto wa mirathi: barua na historia zilikuja huku, zingine zikaenda kule. Watu walihama kwa treni na ndege na masanduku yao. Unajua nini hakikuhama vizuri? Dosie. Mtu yuko Lubumbashi, karatasi yake ya kuingia kazi iko Kinshasa mu kabati ambalo funguo ameondoka nayo mwingine. Kisha 1981 wakaitenganisha tena, kila mmoja achukue chake, na karatasi zikahama mara ya pili. Nasema hivi ili mama ajue kwamba "sirkwi" si uvivu wa leo tu, ni ugonjwa wa zamani.

Tulipokea mshahara mkononi wakati huo, mhasibu anakuja na mifuko. Mwaka 1993 pesa ilikuwa nyingi kuliko mfuko na hainunui unga. Mambo ya banki yalikuja nyuma sana, kama 2011 kuelekea 2012. Naliachia hapo, nikianza na pesa sitamaliza.

Nilipokwenda kufuata pansyo yangu, kijana mmoja mpole akafungua dosie akaniambia: papa, wewe uliingia kazi mwaka 1986. Nikamwambia mwanangu, mwaka 1986 nilikuwa na watoto wanne na nilikuwa nimepanda gradi mara mbili. Akasema karatasi inasema 1986. Hakuwa mbaya, alikuwa anasoma kilichomo. Nilirudi nyumbani, nikavuta sanduku chini ya kitanda, sanduku la bati, mke wangu alikuwa ananicheka nalo miaka yote. Ndani: barua ya kuingia kazi, 1978. Kila kotasyo, kopi. Kila barua ya ruhusa ya mapumziko. Nilirudi na ile barua ya 1978, nikapata miaka yangu minane.

Nilikuwa na rafiki, tuliingia mwezi mmoja, biro zetu zinatazamana. Yeye hakuwa na sanduku. Alienda akarudi, akaenda akarudi. Alifariki bado anaenda.

Basi mama, umeuliza delege anafanya nini. Delege wetu wa wakati huo hakuwa na sauti, alikuwa na kigugumizi hata. Lakini alikuwa na daftari. Kila mtu wa PATO na ukurasa wake: uliingia lini, gradi ya mwisho lini, diplomi gani, barua gani imepelekwa, kashe ya tarehe gani. Akiingia kwa SGA, mkuu wa utawala wa universite, hakusema "tunaomba mtufikirie". Alisema "huyu, huyu na huyu, tangu tarehe hii". Mkubwa anaweza kuahirisha kilio, tarehe inamsumbua.

Kijana_wa_Katuba, Jumatatu saa 07:01

Mzee sanduku ile iuzwe ku mnada 🙏 mimi dosie yangu yote iko mu simu yenye kioo imepasuka

KaziYaPrive, Jumatatu saa 12:40

Nachangia kidogo juu mimi niko mu universite ya prive, sheria yetu si ile yenu. Sisi hatuna Kinshasa ya kungojea, tuko na kontra na kodi ya kazi, maana kitabu ya sheria za kazi, sheria 015/2002. Kwetu delege anachaguliwa kwa kura, inaitwa delegasyo ya sendika (chama ya bafanyakazi), na mukubwa akitaka kumufukuza delege lazima kwanza enspekteri wa kazi akubali. Ile ulinzi wengi habaijui, mpaka siku banamupatia mutu barua ya kufukuzwa na anasaini kwa woga.

Lakini musituonee wivu. Kontra yangu inasema "sekretere", miaka nane. Gradi hakuna, kupanda hakuna, uko sekretere mpaka ufe ao upate profesa anakupenda akuinue. CNSS, ile ya pansyo, inakatwa 5% ku mushahara, nikaenda kuangalia kama inafika kule. Nakuambia kila mutu aende aangalie. Mimi nilikuta miezi kadhaa haiko, nikaleta fishi zangu za malipo, ikarudishwa. Bila fishi ningesema nini?

Kitu kingine: patro analipaka INPP, shirika ya serikali ya kufundisha kazi, kila mwezi, ile pesa ni ya kufundisha bafanyakazi. Iko tangu 1964 na hapa mujini iko na majengo. Tuliuliza tu, kwa upole, kama tunalipa juu ya nini hatusomi? Batu batano balienda kujifunza kompyuta na kupanga arshive. Hakuna grevi, hakuna kupiga kelele.

ApariteriMukongwe, Jumatatu saa 13:22

Kwa upole kwa upole. Nyinyi ba prive banawaambia mulango iko wazi, njo maana muko bapole 😏

KaziYaPrive, Jumatatu saa 13:25

Na nyinyi mulango imefungwa na funguo muko nayo nyinyi benyewe 🤷🏾

MamaWaKadutu (Bukavu), Jumatatu saa 19:18

Dada Klavye pole na kazi. Nakuandikia toka Bukavu, huku mambo yetu ya vita munayajua, tangu mwanzo wa 2025 banki zilifungwa na mshahara ukawa habari ingine kabisa, sitaingia humo. Nataka nikwambie yenye tulifanya mbele ya hayo, pengine itakusaidia.

Daftari ya mzee, sisi tuliifanya na Excel. Tulikuwa wanawake wanne wa biro tofauti. Siku ya kwanza tuliona aibu: kati ya sisi wanne, wawili hatukujua tarehe ya gradi yetu ya mwisho! Tulikuwa tunalia kila siku juu ya gradi na hatujui tarehe. Ilituchukua kama miezi minne kuuliza kila mtu. Wengine walikataa, wakadhani tunatumwa na mkubwa kutafuta watu wa kufukuza. Mlinzi mmoja alituambia andikeni tu niko hapa.

Tulipomaliza tukapeleka listi moja, barua moja, sahihi nyingi. Hatukupata yote. Wenye diplomi mpya kadhaa walipanda, wasiomekanizwa waliambiwa ni Kinshasa. Lakini kitu kimoja kilibadilika: baada ya hapo, mtu akipeleka barua anatuletea kopi yenye kashe bila kuambiwa.

Na jambo la pili ambalo nilipenda zaidi kuliko gradi. Hii reforme ya masomo, LMD (lisansi, masta, doktora), ilipoingia, ikawa kila kitu ni kredi na semestri na programu ya kompyuta. Mama zetu wazee ambao walikuwa malkia wa mashine ya kuandika, wanaandika barua bila kosa hata moja, ghafla wakawa wanakaa pembeni, vijana wanapita nao. Mmoja alikuwa anazima kompyuta kwa kuchomoa waya sababu aliogopa kubonyeza. Tukaanza kufundishana Jumamosi saa mbili mpaka saa sita, sala moja ya parokia. Hakuna sertifika, hakuna primi. Kompyuta tatu, umeme ukikatika tunafundishana kupanga dosie na kuandika barua ya kuomba gradi, ukirudi tunaendelea na tablo. Yule mama wa waya sasa ndiye anaingiza pwenti za fakilte nzima, na ukikosea jina la mwanafunzi anakupigia simu usiku.

Toka_Kampasi, Jumatatu saa 19:40

Hii ya mama wa Bukavu nimeipenda. Nilikuwa na hasira jana, bado niko nayo kidogo lakini nimeipenda.

SheriaKidogo, Jumatatu saa 21:03

Mambo ya sheria haraka haraka, juu naona watu wanachanganya.

Universite za serikali: musishike kodi ya kazi, si yenu. Yenu ni sheria nambari 18/038 ya tarehe 29/12/2018, ile ya statut (kanuni za kazi) ya wafanyakazi wa ESU, maana masomo ya juu na universite, na utafiti. Mbele yake watu walikuwa wanasoma maandishi ya 1981. Mama Klavye, tafuta hiyo sheria, uprinti, usome sehemu ya PATO mwenyewe, usisomewe. Niliona delege akibishana na mukubwa juu ya "statut" saa nzima na bote babili hawajaifungua.

Chama na grevi: katiba ya 2006, artikle 38 ni uhuru wa sendika, 39 ni haki ya grevi. Haki iko. Lakini Papa Apariteri, mikono mu mufuko bila barua ya kutangulia na bila kufuata njia yake, hiyo si grevi tena, ni kukosa kazi, na watakaofukuzwa wa kwanza ni wale wasio na matrikile. Wewe utabaki na funguo zako.

Pansyo: kwa watu wa serikali sasa iko CNSSAP, iliundwa mwisho wa 2015. Muangalie kama majina yenu na tarehe za kuzaliwa ziko sawa kule. Nimeona mtu amezaliwa mara mbili.

ApariteriMukongwe, Jumatatu saa 21:20

Hapo kwa basio na matrikile umenishika. Sikuwaza.

MamaKlavye, Jumatatu saa 23:10

Aksanti bote, ata benye kugombana. Mzee wa Sanduku, nilisoma maneno yako mu biro nikaenda ku choo nilie kidogo. Nimepata kopi yangu ya 2019, kashe iko, tarehe iko. Sanduku sina lakini niko na karto ya mafuta ya kupika.

Bwana yangu amesema "fanya unavyotaka, lakini matanga usikusanye wewe". Nimepeleka jina.

Kijana_wa_Katuba, juma tatu zikiisha kupita, Jumanne saa 18:33

Mama uko wapi, tunangojea matokeo huku

MamaKlavye, juma tano zikiisha kupita, Jumapili saa 19:55

Nimerudi. Musikasirike, kazi ya mwisho wa mwaka imetukula.

Kwanza kura: nimeshindwa. Nilikosa kura tisa. Mwenye alishinda ni teknisie wa laboratware, mutu muzuri, sina neno na yeye, ijapo siku mbili mbele ya kura bia ilionekana mu kantini yenye hatujui ilitoka wapi. Nililala na hasira siku moja, ya pili nikafua, ya tatu nikarudi ku kazi.

Lakini daftari nilikuwa nimeshaianza, sikutaka kuitupa. Nikamupelekea delege mupya, nikamuambia papa, hii ni majina hamsini na nne, zingine bado, wewe uko na kiti mimi niko na karatasi. Aliangalia, akanyamaza murefu. Akasema yeye mwenyewe hawezi kujaza ukurasa yake, hakumbuki gradi yake ya mwisho ilikuwa lini. Bale batatu ba biro yetu niliwapatia ukurasa za kwanza kabisa, mbele ya benye matrikile. Iko mutu alinung'unika. Anung'unike.

Sasa musikie hii. Kwa kutafuta tarehe za bantu, delege alinipeleka mimi na mama mmoja wa personeli (biro ya bafanyakazi) mu arshive tuangalie dosie moja kwa moja. Siku ya pili tunafungua dosie ya mama mmoja wa bibliotheke, tuko na jina moja na posti-jina moja, tunaachana paka ku prenomu. Ndani yake: barua yangu. Ya mwezi wa kumi na moja 2019. Na kopi ya diplomi yangu, na picha yangu ya pasporo nikiwa na nywele ya zamani. Ilikuwa imelala pale miaka sita, safi kabisa, hakuna mutu aliikataa, hakuna mutu aliiba, hakuna mutu alinichukia. Balisoma jina mbili, bakaacha ya tatu.

Sikujua nicheke ao nipige mutu. Mama wa personeli alianza kuomba msamaha na si yeye aliiweka, ile wakati alikuwa bado hajaingia kazi. Na kitu kingine: yule mama wa bibliotheke, mu kotasyo zake, iko moja yangu ya 2021 yenye alihesabiwa yeye. Tumeenda kumuambia pamoja. Alikaa chini akasema "donki ile 'tre bo' haikuwa yangu?" Mpaka leo tunacheka naye lakini kidogo inauma, kwa yeye pia, juu ya 2021 yake hatujaiona bado.

Dosie imeenda ku SGA na barua mupya, kashe mupya, na delege alisaini pembeni. Gradi haijatoka. Ikitoka nitasema, isipotoka nitasema.

Mukutano ya mwezi uliopita nilipiga PV kama kawaida. PATO ilikuwa pwenti ya nane mu kumi na moja.

ApariteriMukongwe, Jumapili saa 20:10

Pwenti ya nane!! Mbele ya dive?

MamaKlavye, Jumapili saa 20:14

Mbele ya dive. Saa nane na nusu mchana, hakuna mwenye alikuwa ameshika funguo ya gari.

MzeeWaSanduku, Jumapili saa 20:40

Mwanangu, angalia na dosie ya mtu mwenye jina la mume wako pia.

MamaWaKadutu (Bukavu), Jumapili saa 21:02

Dada hongera kwa pwenti ya nane, na pole kwa kura. Na Jumamosi mulianza?

MamaKlavye, Jumapili saa 21:30

Tunaanza Jumamosi hii, saa mbili na nusu, mu sala ya kanisa moja huku Kampemba, nitatuma njia kwa mwenye anataka ku sanduku ya ujumbe. Kompyuta ni mbili na moja inawaka ikijisikia. Mulete kopi ya barua ya kuingia kazi, kopi ya diplomi zote, kotasyo zenye muko nazo, na franka kidogo ya mafuta ya jenereta. Mwenye hajui tarehe ya gradi yake akuye pia, tutamuanzia hapo.

Toka_Kampasi, Jumapili saa 21:37

Mimi najua Excel vizuri. Naweza kuya kufundisha, kama hamutaniomba matabishi ku mulango 😅

ApariteriMukongwe, Jumapili saa 21:39

Kuya kijana. Mulango ni mimi njo nafungua, saa mbili kamili.